MREJESHO: Mafuta ya lavenda na wasiwasi wangu wa usiku

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Miezi miwili iliyopita niliuliza kama mafuta ya lavenda yanatuliza wasiwasi, maana kila nikipanda kitandani moyo ulikuwa unanienda mbio.

Nilianza vibaya. Nilijipaka shingoni bila kuchanganya na kitu, ngozi ikawasha siku tatu. Dada wa duka la dawa alinicheka kwanza, ndipo akanielekeza: matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, au tone moja kwenye kitambaa karibu na mto. Na yule aliyeniambia ninywe, hapana ndugu yangu! Vidonge vya lavenda vilivyofanyiwa utafiti Ujerumani, vya miligramu 80, vimetengenezwa kumezwa. Kichupa cha kunusa si hicho.

Usingizi sasa unakuja mapema kidogo. Ni harufu, au ni kwa vile nazima simu kabla ya kunusa? Mchana bado. Kikao na bosi kikikaribia, viganja vinalowa vilevile. Kwa hilo nimeanza kumwona mshauri nasaha, Alhamisi ni mara ya tatu.

Mafuta ya mchaichai niliyoletewa kutoka Pemba nimempa mke wangu. Mimi yaliniumiza kichwa.