Vitu vilivyotulia kwa rangi za mafuta: kikao kimoja au tabaka kwa tabaka?

Mwanafunzi Mpya
Salamu kwenu nyote. Nimejiunga na darasa la uchoraji wa rangi za mafuta lenye kipindi cha saa tatu kwa wiki, na mwalimu ametuachia tuchague wenyewe namna ya kuichora meza yetu ya kwanza, ambayo ina limau lililokatwa, jagi la shaba na kitambaa cheupe. Naweza kuimaliza picha kwa kikao kimoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, au kuanza na tabaka la rangi moja kisha nikaongeza nyingine wiki baada ya wiki. Kwa anayeanza, ipi inafundisha zaidi?

Brashi Pana
Kikao kimoja, bila kusita. Limau lililokatwa halitakusubiri hadi wiki ijayo, na ufinyu wa muda utakulazimisha uanze na maumbo makubwa ya nuru na kivuli kabla ya kuhangaikia punje za ganda. Hatari yake ni tope: brashi ikipita mara tatu mahali pamoja, njano na kivuli hukorogeka. Weka rangi, inua mkono, futa brashi.

Mpenda Tabaka
Naheshimu hoja ya aliyetangulia, lakini mwanafunzi anayepambana na umbo, nuru na rangi kwa wakati mmoja mara nyingi hajui ni lipi lililomshinda. Tabaka la kwanza la kahawia ya udongo humwezesha kushughulikia nuru na kivuli peke yake, na kwa kuwa rangi hiyo hukauka upesi kuliko nyingi, ikipakwa nyembamba kwa kawaida wiki moja hutosha. Jambo la kuzingatia ni kwamba mafuta ya kitani, yaani yale yanayochanganywa na rangi hizi, hayakauki kwa kuyeyukia hewani kama maji, bali huvuta oksijeni na kukakamaa polepole. Ndiyo maana kila tabaka la juu hupaswa kuwa na mafuta mengi kidogo kuliko la chini yake, la sivyo la juu litakakamaa wakati la chini bado linasogea, na picha itapasuka. Kuhusu limau, ondoa uweke chupa. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne alichora polepole kiasi kwamba matunda yalimwozea mezani, na kwa maua aliwahi kutumia ya bandia.

Mchora Majagi
Mbinu zote mbili hazitamwokoa mtu aliyekosea mdomo wa jagi. Duara lake huonekana kama yai lililolala, na pembeni halina ncha kali; wengi wetu tulilichora kama jicho. Tena, vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe, kwani hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vianikwe vikiwa vimetandazwa hadi vikauke.

Mwanafunzi Mpya
Nashukuru. Nilichora limau pekee kwa kikao kimoja kwenye kipande kidogo cha turubai, na jagi nimelianzia tabaka la kahawia. Limau lilinifunza jambo ambalo sikulitarajia: kivuli chake juu ya kitambaa, nilichokuwa nimekwisha kukipaka kijivu, karibu na tunda kilikuwa na njano hafifu iliyorudishwa na ganda. Nilikikwangua kwa kisu nikakipaka upya. Mdomo wa jagi bado una ncha.