Magamba na nywele zilizokatika kichwani mwa mtoto: ni mba au ni mapunye?

Mama Nuru (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kuhusu mwanangu wa kiume anayesoma darasa la pili. Tangu likizo ya mwezi wa sita ana mabaka utosini na moja karibu na kisogo, yenye magamba ya kijivu, na nywele zake zimekatika karibu kabisa na ngozi, kiasi kwamba nikimtazama mwangani naona vidoa vyeusi vimetapakaa ndani ya baka. Usiku anajikuna mno. Muuzaji wa duka la dawa alinipa tyubu ya kupaka, muwasho ukatulia, lakini nilipoacha kupaka mabaka yalirudi yakiwa mapana kuliko awali. Bibi yake anasema ni mba tu na anataka tumsugue kwa ndulele, na baba yake anamshutumu kinyozi. Nitatambuaje ni ugonjwa gani hasa, na kwa nini dawa ile ilishindwa? Mdogo wake wa kike, ambaye hulala naye kitanda kimoja, hana dalili yoyote.

Tabibu wa Ngozi

Mama Nuru, pole kwa kuuguza. Mgonjwa hapimwi kwa maandishi, lakini maelezo yako yanaelekea kwenye mapunye, yaani maambukizi ya fangasi kwenye nywele na ngozi ya kichwa, kuliko kwenye mba. Mba huwapata watoto wachanga katika miezi ya mwanzo, kisha hurudi mtu anapobalehe, kwa kuwa vijidudu vinavyohusika nayo huishi kwa mafuta ya ngozi, na tezi za mafuta za mtoto wa shule ya msingi bado zimelala. Ndiyo maana sisi kliniki tukimwona mtoto wa umri huo ana magamba pamoja na nywele zilizokatika, humchukulia kuwa ana mapunye mpaka kipimo kitukanushe.

Vidoa vyeusi ulivyoviona ni mabaki ya nywele. Baadhi ya fangasi wanaopatikana katika ukanda wetu, kama Trichophyton violaceum na Trichophyton soudanense, huzaliana ndani ya unywele wenyewe mpaka ukawa dhaifu na kukatika pale pale unapochomoza. Wengine, wa kundi la Microsporum, huuzunguka unywele kwa nje, nao hukatika juu kidogo, baka likabaki na rangi ya kijivu na visiki vifupi. Kama baka lingekuwa laini, halina gamba wala muwasho, ningefikiria ugonjwa mwingine ambao kinga ya mwili hushambulia mizizi ya nywele. Kama nywele zingepungua kwenye paji la uso na juu ya masikio kwa msichana anayesukwa kwa kukazwa, ningeuliza kuhusu msusi kabla ya kuuliza kuhusu fangasi.

Kuhusu tyubu: dawa ya kupaka hukaa juu ya ngozi, ilhali fangasi wamejificha ndani ya unywele na katika kishimo unamoota, mahali ambapo krimu haifiki kwa kiasi cha kutosha. Mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza. Isitoshe, tyubu nyingi zinazouzwa bila cheti ni mchanganyiko wenye steroidi ndani yake, na steroidi hutuliza muwasho na wekundu huku ikiwaachia fangasi nafasi ya kusambaa, jambo linaloendana kabisa na ulichokiona. Soma maandishi ya tyubu hiyo. Ukikuta neno betamethasone au clobetasol, ambayo ni majina ya steroidi, usiirudie.

Dawa iliyozoeleka katika hospitali zetu ni griseofulvini, ambayo mtoto hupewa kulingana na uzito wake, kwa kawaida miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Mpe pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa yasiyoondolewa mafuta, kwa sababu tumbo likiwa tupu dawa hufyonzwa kidogo sana, na naamini kwamba matibabu mengi yanayosemekana kushindwa yalishindikana kwa sababu hiyo, au kwa sababu mzazi aliacha dawa magamba yalipopotea. Ipo pia terbinafini, ambayo huwaweza zaidi Trichophyton na humalizika kwa muda mfupi zaidi, wakati Microsporum hudhibitiwa vizuri zaidi na griseofulvini. Kabla ya kuanza, omba kipimo: magamba na visiki vya nywele hukwanguliwa, huwekewa tone la potasiamu haidroksaidi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Hakiumi. Taa maalumu ya miale ya urujuanimno hutumika pia, lakini huwaonyesha Microsporum kwa rangi ya kijani na haiwaonyeshi wale wawili niliowataja, kwa hiyo taa isipoonyesha kitu haimaanishi kwamba mtoto ni mzima.

Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo mahali pa kuanzia. Ulizia afisa tabibu wa ngozi. Wengi wao wamefundishwa katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa namna hii tangu 1992.

Kinyozi wa Mwenge

Naomba kuitetea fani yangu kidogo, ingawa sikatai kwamba mashine chafu hueneza mapunye. Kosa linaloonekana saluni nyingi ni kuamini kisanduku chenye taa ya buluu: mashine hutumbukizwa humo ikiwa na nywele za mteja aliyetangulia, na mwanga haupenyi chini ya nywele hizo. Kinachotakiwa ni kulifungua bapa la mashine linalokata nywele, kulipiga brashi mpaka nywele zote zitoke, kisha kulisafisha kwa spiriti ya asilimia 70 na kuiacha ikauke yenyewe, si kuipangusa papo hapo. Hata hivyo, mbegu za fangasi ni sugu, kwa hiyo mimi mtoto mwenye mabaka humwambia mzazi anunue mashine yake, au tusimnyoe mpaka aanze dawa. Baba wa mtoto asisahau kukagua vitana, taulo, kofia na mito ya nyumbani, kwa kuwa huko mtoto hukaa muda mrefu kuliko kwenye kiti changu.

Muuguzi Mstaafu (Tanga)

Mwanangu Mama Nuru, usigombane na bibi wa mtoto, lakini ndulele usimpake. Maji yake huichoma ngozi ambayo tayari ina vidonda vya kujikuna. Mafuta ya taa na maji ya betri, ambayo nimewahi kuyaona yakitumika, ni hatari kabisa.

Jambo ambalo tabibu hakuligusa ni uvimbe. Baka likivimba, likawa laini ukilibonyeza, likatoa usaha, na tezi za nyuma ya shingo zikajitokeza, watu husema ni jipu na kumpeleka mtoto akapasuliwe. Mara nyingi si jipu, bali ni mwili unapambana vikali na fangasi. Kulipasua hakusaidii, na antibayotiki peke yake hazitibu. Mtoto akicheleweshewa dawa ya fangasi kovu hubaki, na juu ya kovu nywele hazioti tena. Hali hiyo isisubiri siku ya kliniki.

Tulioanza kazi zamani tulisimuliwa na walimu wetu kwamba, kabla ya griseofulvini kuanza kutumika kwa binadamu mwaka 1958, katika baadhi ya nchi watoto walipigwa eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke, na baadaye baadhi yao walipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo. Vidonge vya wiki chache visionekane mzigo.

Mama Nuru (Morogoro)

Nawashukuru nyote. Nimesoma tyubu, betamethasone imo. Nina maswali ya nyongeza: je, akae nyumbani asiende shule? Mdogo wake apewe dawa? Na nywele zitarudi?

Tabibu wa Ngozi

Akishaanza kumeza dawa anaweza kuendelea na masomo. Kumzuia kwa wiki kadhaa humwumiza zaidi kuliko kunavyowakinga wenzake. Muoshe kichwa mara mbili kwa wiki kwa shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi, ukiiacha dakika tano kabla ya kusuuza. Shampuu haiponyi mapunye, lakini hupunguza mbegu zinazodondoka na kuambukiza wengine. Mdogo wake asimezeshwe dawa bila kuthibitishwa. Nenda naye akaguliwe, kwa kuwa mtu huweza kubeba fangasi hao bila baka lolote, naye atumie shampuu hiyo hiyo. Watenganishe vitana na mito.

Katika siku za mwanzo za dawa huenda ukaona vipele vidogo vyenye muwasho masikioni, shingoni au kifuani. Wazazi wengi hudhani ni mzio wa dawa na kuiacha, kumbe mara nyingi ni mwili unaitikia kufa kwa fangasi. Usiiache kabla ya kumwonyesha aliyekuandikia, isipokuwa uso ukivimba au mtoto akipumua kwa shida, hapo kimbilia hospitali mara moja. Kuhusu nywele, pasipo uvimbe wala kovu hurudi zote, ila hukawia, na baka huweza kubaki wazi hata baada ya kipimo kuonyesha kwamba fangasi wamekwisha. Kwa hiyo mwisho wa matibabu rudia kipimo cha hadubini, usiamue kwa kutazama upara.