Mrejesho: Mdogo wangu wa Breckenridge

Jamani, niliwauliza nimfanyie nini mdogo wangu anayesafisha vyumba vya hoteli huko Breckenridge, Colorado, kila siku akililia nyumbani. Asanteni. Aliyesema maharagwe yanagoma kuiva kwa sababu ya mwinuko alinena kweli: mji uko mita 2,900 hivi juu ya bahari, Nairobi 1,800 tu, na maji huko huchemka kwenye nyuzijoto 90 hivi. Amenunua sufuria ya presha, githeri (mahindi na maharagwe) sasa inaiva. Koti la mtumba la soko la Gikomba, Nairobi, linamkinga (huenda lilitoka hukohuko Marekani!). Tunapiga simu saa kumi jioni, kwake alfajiri, akifunga buti aende zamu. Theluji ameizoea. Mama akiuliza atarudi lini, anasema mtandao unakatika.