Tupeane uzoefu: mafuta yakipanda, kwenye biashara yako nani anabeba hasara?

MwenyeFuso: Wakuu, poleni na kazi. Nina Fuso moja, natembea Kampala–Arua. Januari 2022 madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa sababu ya malipo ya vipimo vya Korona, sheli zilikauka, na kuna mahali lita ya petroli iligonga shilingi 10,000 za Uganda. Mimi nilikuwa nimeshapatana nauli na mteja wa sementi, kwa mdomo tu. Ahadi ni deni, nikapeleka. Niliporudi niliuza tairi la akiba.

Siku hizi naandika. Juu ya karatasi, bei ya dizeli ya siku tuliyopatana. Chini yake: ikipanda zaidi ya 200 kwa lita, tofauti ni ya mteja, ikishuka kiasi hicho, nampunguzia. Kwenda na kurudi gari linakunywa kama lita 240, kwa hiyo ikipanda 300 ni 72,000. Hesabu ipo hapo, habishi mtu. Na bila kile kipengele cha kushuka wasingesaini, nawajua.

KijanaWaSteji: Sisi wa boda tunapandisha asubuhi ile ile 😂 Abiria akikataa, atembee.

MamaPosho_Kasese: Na akitembea, wewe mwanangu unakula nini?

Kaka MwenyeFuso, wewe una mteja wa kusaini. Mimi nasagia watu wa debe moja moja. Kinu changu ni cha dizeli, nikiongeza 100 tu wanavuka barabara kwa jirani mwenye umeme. Nilichobadilisha ni kuwasha. Kilichokuwa kinanimaliza ni injini kuunguruma tupu ikisubiri mteja. Sasa madebe yanapanga foleni ukutani, kila moja na alama yake: hili kitambaa, lile jani la mgomba. Yakifika sita ndipo nawasha. Kununa wananuna, lakini jirani umeme ukikatika wanarudi wote.

FundiGeti: Msidanganyike na kuweka akiba ya mafuta. 2022 bei ilipokuwa juu kabisa niliogopa itapanda tena, nikajaza mapipa mawili ya jenereta ya kuchomelea. Ikashuka. Nikawa natoza mageti bei ya mafuta ya zamani, wateja wakaniona mwizi. Pipa la pili lilikuwa na maji chini, jenereta ikakohoa wiki nzima.

Mpakani_Busia: Huku tunaangalia tarehe 14. Ng'ambo Kenya, EPRA, mamlaka yao ya nishati, inatangaza bei na inakaa mwezi mzima. Kwetu kila sheli inajipangia. 2022 Kenya walikuwa na ruzuku, watu walivuka kujaza tanki. Nasema tanki, si madumu!

KijanaWaSteji: Lakini si tangu Julai 2024 UNOC, kampuni ya mafuta ya serikali ya Uganda, ndiyo inaagiza yote kupitia Vitol, wale wafanyabiashara wa mafuta wa kimataifa? Nilidhani bei itatulia.

MwenyeFuso: Mwagizaji amebadilika, njia kubwa ni ile ile: Mombasa, bomba mpaka Eldoret na Kisumu, halafu malori. Na yananunuliwa kwa dola. Barabara ikiwa shwari, shilingi ikayumba, utalia tu.

MamaPosho_Kasese: Kaka, hiyo karatasi ipige picha uiweke hapa, jina la mteja ulifunike. Nina shule moja inaniletea magunia ishirini kila mwezi. Hiyo naweza kuisainisha.