Tupeane uzoefu: mekapu ya jioni unayojipaka mwenyewe nyumbani, idumu mpaka saa sita usiku

Nyar Nam (Kisumu), mwanzilishi

Wadada, na wakaka wanaojua pia, karibuni. Desemba inabisha na harusi, ruracio na ayie (sherehe za mahari za Wakikuyu na Wajaluo) na mahafali, na saluni za mjini Jumamosi zinataka upange foleni tangu alfajiri kwa pesa ambazo zingekununulia poda yako mwenyewe. Wengi wetu tunajipaka nyumbani. Shida ni kwamba video za mafunzo zinatengenezwa na watu walio kwenye vyumba vya AC, na hakuna hata mmoja anayekwambia ufanye nini ukishuka kwa tuktuk pale ufuo wa Dunga saa moja usiku, jasho linakutiririka na bado hujasalimia mtu.

Naanza mimi. Ngozi yangu ni nyeusi ti, tena ya mafuta. Joto la Kisumu lina unyevu, kwa hivyo ukijaza faundesheni uso mzima, kufikia keki kukatwa imeshateremka shingoni. Mimi naiweka katikati ya uso tu: kando ya pua, chini ya macho, kuzunguka mdomo. Mashavu na paji la uso naviacha karibu vitupu. Poda naibonyeza kwa sponji yenye unyevu kidogo, sipigi brashi. Jasho likija nabonyeza tishu na kuinua. Ukipangusa tu, umeondoa kila kitu.

Halafu mdomo. Sherehe ikiwa ufuoni, glosi iache nyumbani. Wale wadudu wadogo wa ziwa, wanaopanda juu ya maji kama moshi, wakiona taa wanakuja wote, na mdomo unaonata ni mtego. Nilimwona msimamizi wa bibi harusi akitoa hotuba nzuri sana huku anachomoa mdudu mdomoni kwa ncha ya kucha, asipoteze hata neno. Lipstiki isiyong'aa ndiyo ya ziwani.

Haya, leteni zenu. Hadithi zenu wenyewe, matangazo ya biashara hapana.

Shiro wa Lanet

Nyinyi wa Kisumu mnalia jasho, sisi Nakuru tunalia ukavu. Mji uko juu ya mita 1,800, jua likizama baridi inaingia na ngozi inakakamaa. Ukiiga hiyo poda ya kubonyeza ya Nyar Nam, utakuwa na nyufa kando ya mdomo kabla hata wazee hawajamaliza kuhesabu mbuzi.

Dawa yangu ni kuanza mapema. Naoga, na uso ukiwa bado na unyevu napaka krimu nzito, halafu naenda kupiga nguo pasi na kutafuta viatu. Nikirudi nabonyeza tishu kutoa iliyozidi, ndipo nipake faundesheni. Mafuta yakiwa bado yanateleza juu ya ngozi, faundesheni nayo itateleza, kwa hivyo huo muda wa pasi si wa kupoteza, ndio unaofanya kazi. Poda naweka puani tu.

Miguu ni Arimis, ile jeli ya kukamulia, sina siri nyingine. Nachanganya na bronza ya maji (ile ya kuipa ngozi mng'ao wa shaba) tone moja kiganjani, naipitisha mbele ya muundi kwenda chini, na taa za ukumbi zinafanya mengine. Ila usivae nguo nyeupe ndefu juu yake.

Na kama unaenda kwa boda, jifunge leso nywele na shingo, vumbi la barabara zetu mnalijua. Usoni usifunge kitu, kitakubebea nusu ya mekapu.

Fundi wa Kondele

Napaka watu kwa kazi, kwa hivyo nitasema kuhusu kuchagua rangi maana hapo ndipo uso unapoharibikia hata kabla ya brashi.

Usipime faundesheni nyuma ya mkono. Mkono umekaa juani, hauna rangi ya uso. Pima kwenye taya, ishuke kidogo shingoni, kisha toka nje ya duka usimame kwenye mwanga wa mchana. Zunguka sokoni kidogo kabla ya kulipa, kwa sababu faundesheni nyingi zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi hukolea, na ile iliyokupendeza kaunta inakuwa nyingine kabisa. Ile rangi inayopotea kwenye taya usiione ilipoishia, hiyo ndiyo yako. Kama iko kati ya mbili, nunua zote mbili ndogo uchanganye.

Mama zetu walicheka sana na kuchekwa sana kwa nyuso za majivu, lakini poda ya kuwafaa ilikuwa wapi? Kule Marekani kwenyewe kampuni ya vipodozi ya Fashion Fair ilianza mwaka 1973 kwa sababu wanawake weusi walikuwa wakichanganya rangi wenyewe. Fenty Beauty, vipodozi vya mwimbaji Rihanna, ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni ndipo kampuni kubwa zikashtuka, na huku Kenya ikaanza kuuzwa rasmi mwaka 2022. Kabla ya hapo tulishakuwa na za kwetu, Suzie Beauty na Pauline Cosmetics, na kwa bei ya mtu wa kawaida mimi huanzia hapo.

Jambo lingine la jioni: fleshi ya kamera. Poda nyingi nyeupe za kumalizia zina silika (madini ya unga mweupe), na losheni nyingi za jua zina zinki au titani. Kwa macho huoni kitu, lakini fleshi ikipiga, chini ya macho panarudi peupe kabisa. Ukimaliza kujipaka zima taa, jipige picha moja na fleshi ya simu. Ukiona weupe, bonyeza na sponji yenye mabaki ya faundesheni juu yake. Utanishukuru albamu ikitoka.

Mulembe K (Kakamega)

Yangu ni tofauti kidogo, mnivumilie ni ndefu.

Nina vitiligo. Mabaka meupe yako mikononi kuanzia vifundo vya vidole, yako shingoni, na kidogo kando ya mdomo. Mchana natembea nayo mjini bila shida. Ila zipo jioni ambazo sitaki kujibu maswali ya mashangazi wa watu. Faundesheni ya shingoni huishia kwenye kola, na ya mikononi inaondoka ukinawa tu kabla ya ugali.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenitajia losheni za kujitia rangi, zile Wazungu wanazopaka waonekane wametoka pwani. Kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa dihidroksiasetoni, kwa kifupi DHA. Ni aina ya sukari. Inashikana na protini za tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, na hapo ndipo inapotokea rangi ya kahawia. Haitegemei melanini, ndiyo maana inashika hata kwenye baka ambalo halina rangi yake. Maji hayaitoi. Inaondoka yenyewe ngozi inapopukutika, kwa siku kama 5 hadi 7.

Sherehe ikiwa Jumamosi jioni, mimi naanza Alhamisi usiku. Kwanza naoga, nasugua taratibu kwa kitambaa kutoa ngozi iliyokufa, najikausha kabisa. Vifundo na kiwiko navipaka mafuta membamba kwanza, maana ngozi nene na kavu inanyonya rangi kupita kiasi. Halafu nachukua kile kijiti cha pamba cha masikio na kujaza baka kuanzia katikati kwenda ukingoni. Ukingoni ndipo pa kushikilia pumzi: ukivuka, ngozi nzima nayo inakolea na baka linapata pete nyeusi pembeni. Nakaa na nguo isiyobana mpaka ikauke.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Rangi huanza kuonekana baada ya saa kadhaa na huendelea kukolea mpaka kesho yake. Ukiongeza baada ya saa moja eti haijashika, asubuhi utajikuta una mabaka meusi badala ya meupe. Mimi naangalia Ijumaa asubuhi dirishani, usiku naongeza palipopauka tu. Viganja vioshwe kwa sabuni papo hapo, na katikati ya vidole pia, la sivyo vinageuka rangi ya chungwa.

Haifanani na ngozi yangu sawasawa, inaelekea dhahabu. Lakini kwa taa za usiku inatosha, na faundesheni inayohitajika juu yake ni kidogo mno. Ina harufu fulani, usishangae. Karibu na macho na midomoni siipaki. Na msidanganyike kwamba ikishakuwa kahawia basi inakinga jua: haikingi. Baka bado linaungua, losheni ya jua iko palepale. Ukitaka kujaribu, anza na sehemu ndogo ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima uone kama inakuwasha.

Shiro wa Lanet

Dada Mulembe, asante sana kwa hii. Swali: sisi ambao ngozi ni nyeusi yote, kuna faida?

Mulembe K

Hutaiona, mpenzi. Baki na Arimis yako.

Fundi wa Kondele

Naongezea hapo kwa Mulembe. Nilipewa kumpaka mgeni Mzungu wa harusi moja, alikuwa amejitia hiyo rangi usiku wa kuamkia siku yenyewe bila kusugua wala kupaka mafuta vifundoni. Miguu ilikuwa na mistari, magoti yakawa mekundu ya udongo. Tulisugua kwa mafuta na kitambaa cha moto, ikapungua kidogo, tukamalizia kwa gauni refu.

Zeruzeru na Fahari (Bungoma)

Mimi jina nimelichagua mwenyewe, msinionee huruma. Maandalizi yangu ya jioni huanza saa nane mchana kwa sababu sherehe zetu za jioni huanza kanisani. Losheni ya jua kwanza, ile tunayopata kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ninairudia kila baada ya saa mbili nikiwa nje. Mekapu inangoja mpaka jua litue.

Nyusi na kope ndizo zinazobadilisha uso wangu wote. Penseli nyeusi inanifanya nionekane nimekasirika, kwa hivyo natumia kahawia hafifu, vistari vifupi vya kuiga nywele, na wanja wa kahawia pia. Watu huniuliza nimefanya nini, hawajui ni penseli moja.

Sista wa Wodi (Kisumu)

Kwa wanaojiandaa wiki nzima kabla: ndimu usoni hapana. Maji yake yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, unaweza kuungua hadi malengelenge, na doa jeusi likakaa miezi. Magadi ya kupikia na dawa ya meno pia viacheni jikoni na bafuni. Ngozi inapenda asidi kidogo, magadi yanaivuruga.

Na zile krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa kunong'onezana, zisizo na orodha ya viambato? Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, na nchini Kenya vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku. Zebaki inaharibu figo. Sitaki kuona mtu wodini kwa sababu ya harusi ya binamu.

Mwanafunzi Maseno

Stima hupotea saa kumi na mbili unusu, kila mtu anajua, tena siku ya dinner ya kuhitimu. Sisi hostelini tulipanga simu mbili, tochi moja kila upande wa kioo, zikiwa usawa wa uso. Tochi ikiwa chini unajiona mzimu, ikiwa juu unapaka konsila, ile ya kuficha madoa, kwenye vivuli. Nyusi chora mchana kabisa, kabla ya hayo yote, kwa sababu nyusi hazisamehe.

Gundi ya kope bandia: paka kwenye hizo kope bandia, hesabu polepole mpaka inate, ndipo ubandike. Ikiwa mbichi itateleza na kukuingia jichoni. Na kuazimana wanja, jamani. Chumba kizima kiliamka na macho mekundu, tukafanya mtihani hivyohivyo.

MC wa Busia

Wakaka tupo. Paji langu la uso linang'aa picha zote nikishika maiki, nikawa natajwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mke wangu akanipa tishu na poda isiyo na rangi, nabonyeza kabla ya kuingia na wakati wa chakula. Hakuna anayejua isipokuwa nyinyi sasa.

Yeye mwenyewe anatumia siagi ya shea inayovuka mpaka kutoka Uganda. Ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, inayeyuka kiganjani. Mabegani na kifuani tu, usoni anasema ni nzito.

Nyar Nam

Mmenifurahisha. Sasa mtu anijibu moja: mnaitoaje usiku huo, umechoka, na mfereji hauna maji?

Sista wa Wodi

Mafuta ya nazi au jeli ya kawaida ya kujipaka mwilini, kwenye pamba. Weka juu ya jicho lililofungwa, subiri, kope bandia na wanja vitalegea vyenyewe, usivute. Halafu uso mzima kwa mafuta hayohayo na kitambaa. Hapo umebakiza maji ya kikombe kimoja na sabuni kidogo ya kutoa mafuta. Sponji nayo ioshwe kesho yake na ianikwe juani, isirudi kwenye mfuko wa plastiki ikiwa mbichi.

Shiro wa Lanet

Sista, na mascara ya mwaka jana?

Sista wa Wodi

Miezi mitatu ikishafunguliwa, itupe. Hiyo ya mwaka jana usinionyeshe.