Alinikabidhi glasi yake tupu: je, nilipaswa kusema neno?

Swali

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulipima jambo lililonipata Jumamosi katika hafla ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu anayestaafu. Kati ya wageni wapatao thelathini, mweusi nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nimevaa suti kama wanaume wengine wote, pale mama mmoja wa makamo aliponinyooshea glasi tupu yenye alama ya rangi ya mdomo ukingoni, bila hata kunitazama usoni, huku akiendelea kuzungumza na mwenzake. Niliipokea. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba mkono uliipokea kabla akili haijang'amua. Nilipomweleza kwamba nami ni mgeni, tena ni mhandisi katika idara ya huyo anayeagwa, aliangua kicheko, akanisifu kwamba nazungumza vizuri mno, kisha akaniuliza natoka wapi "hasa". Mwenyeji wetu akaninong'oneza kwamba mama huyo ni mtu mwema na hakukusudia ubaya. Je, nilifanya vyema kuishia hapo?

Jibu la kwanza

Pole sana, kaka. Vitendo vya namna hii, vya dharau ndogo ndogo za kila siku, vilipewa jina la "microaggressions" na Chester Pierce, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, mwaka 1970, naye alisisitiza kwamba kimoja kimoja huonekana si kitu, ila madhara yake hutokana na kurundikana. Ama hilo la "hakukusudia", Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi wa mwaka 1965, katika ibara yake ya kwanza, unaueleza ubaguzi kwa kutaja lengo au matokeo ya tendo, si lengo peke yake. Najua mkataba huo unahusu maisha ya umma, wala haukuandikwa kwa ajili ya glasi za hafla, lakini neno hilo "au" lina uzito wake: aliyekanyagwa huumia hata kama aliyemkanyaga alikuwa akitazama kwingine.

Jibu la pili

Mimi naandika nikiwa upande wa yule mama, kwa aibu. Nilipokuwa nafanya kazi mapokezi, aliingia bwana mmoja mwenye asili ya Asia ya Kusini, amebeba begi, nami kabla hajafungua kinywa nikamwelekeza mlango wa kupokelea vifurushi. Kumbe alikuwa mkaguzi wa hesabu tuliyemngojea tangu asubuhi. Hakunikemea wala hakupaza sauti; aliniuliza tu, "Umejuaje kwamba nimeleta kifurushi?" Nilitafuta jibu nikalikosa, na ningali nalitafuta. Angenitukana, huenda ningejitetea na kusahau.

Jibu la tatu

Kwangu mimi mwenye deni kubwa zaidi ni mwenyeji. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Huyu ni mgeni wangu," kwa sauti ile ile ya kawaida, akachagua kukunong'oneza wewe uliyekosewa badala ya kumwambia aliyekosea.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Sikuwa nimemfikiria mwenyeji kabisa. Hasira yangu yote ilikuwa kwa mama yule, ambaye hata jina lake silijui. Kesho nitampigia simu mwenyeji, nami nitaanza na swali la yule mkaguzi: alijuaje kwamba hakukusudia?