Maswali ya kuandika kwenye daftari ili kujiamini: yapi yamewasaidia kweli?

Binti wa Tabata

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa mjini, upande wa nyaraka. Kazi naijua. Karatasi za mzigo zikiwa na kasoro, mara nyingi mimi ndiye wa kwanza kuiona. Shida yangu ni kikao cha Jumatatu. Juzi niliona uzito kwenye orodha ya mzigo haulingani na ulioandikwa kwenye bili ya shehena, nikamnong'oneza kaka mmoja tunayekaa naye meza moja. Tulipoingia kikaoni akalisema yeye. Bosi akamsifu, mimi nimeinama nachezea kalamu.

Rafiki yangu akanishauri niwe naandika shajara kwa kujibu maswali. Nikapakua orodha mtandaoni. "Taja mambo kumi unayojipendea." "Ukijitazama kwenye kioo unamwona nani?" "Andika kila asubuhi: mimi ni jasiri, mimi nang'ara." Naandika usiku wadogo zangu wakishalala. Kuna siku namaliza nikiwa mnyonge kuliko nilivyoanza, na hilo la "mimi ni jasiri" linanikera kabisa, maana moyoni najua siyo kweli.

Nauliza kwa dhati: kuna maswali mliyoyatumia mkaona tofauti? Na daftari mnaficha wapi? Chumbani tunalala watatu.

Mpiga Debe Mstaafu

Dada yangu, pole. Mimi sijawahi kuandika shajara, nasema ninachokijua. Nilipoanza kupiga debe Ubungo nilikuwa naona haya hata kuita abiria. Nilizoea kwa kuita, basi. Jumatatu ijayo vuta pumzi useme, la pili litakuja lenyewe.

Mama Mwalimu Mbagala

Mwanangu, nakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili naliishi. Nafundisha sekondari huku Mbagala, nasimamia klabu ya mdahalo, na unasihi nimeusomea. Kaka aliyetangulia amesema kweli, mdomo huzoea kwa kutumiwa. Ila kuna mtu ukimwambia "sema tu" ndiyo anaganda, kwa kuwa hajajua hasa anachokiogopa. Huyo daftari linamfaa sana.

Hilo la "mimi ni jasiri" liache leo hii. Una haki ya kukereka nalo. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya Kanada: watu wasiojithamini walipotakiwa kurudia sentensi ya kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakuirudia. Waliopata nafuu kidogo ni wale waliokuwa wanajithamini tangu mwanzo. Mimi naona hivi kwa wanafunzi wangu pia: ukimlazimisha mtoto ajisifu kwa asichokiamini, kichwa chake kinaanza kumkumbusha kila siku aliyoshindwa.

Kuhusu kubaki mnyonge baada ya kuandika, usitishike. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na walivyolihisi walitoka na huzuni siku hizo hizo, lakini miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Sasa zingatia kwamba zilikuwa siku nne, kisha wakaacha. Kulirudia lile lile la kikao kila usiku mwezi mzima ni kutonesha kidonda. Tena mazito usiyaandike ukiwa unapanda kitandani. Wahi ofisini, andika kabla wenzako hawajaingia.

Maswali ninayowapa mabinti zangu ni madogo, na yana majibu. Ninaloanza nalo ni hili: leo nilitaka kusema nini nikanyamaza? Sentensi iandikwe vile vile ambavyo ingetoka mdomoni. Usiandike "nilitaka kuchangia". Andika: "Bosi, uzito wa kwenye orodha haulingani na wa kwenye bili, tumuulize mteja kabla hatujawasilisha." Unaona ilivyo fupi?

Nilikuwa na binti wa kidato cha tatu, akisimama kwenye mdahalo sauti inakatika, vidole vimeng'ang'ania pindo la sketi mpaka linakunjamana. Tulipopitia daftari lake pamoja, kwa ridhaa yake, tukakuta sentensi zote alizozimeza zilikuwa za kumpinga mtu. Kuuliza hakuwahi kushindwa. Kumbe watu hawamtishi, kinachomtisha ni kuonekana mkaidi! Nikampa kazi ya kuuliza maswali tu, halafu tukajifunza kupinga kwa njia ya swali: "Mheshimiwa msemaji, je, umefikiria na wale wasio na umeme?" Muhula uliofuata aliomba mwenyewe kuwa msemaji mkuu wa upande wa upinzani. Bila zile sentensi kwenye karatasi ningeendelea kumwambia "jiamini, jiamini" na yeye angeendelea kulia chooni.

Halafu ukijiuliza jambo linalokutisha, jiite kwa jina lako. "Fulani, Jumatatu unaogopa nini? Nani atakucheka? Akicheka, utafanyaje?" Kisha ujibu kama unavyomjibu mdogo wako akikuletea shida yake. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiandaa kuhutubia huku wakijisemesha kwa jina lao au kwa "wewe" walihutubia vizuri kuliko waliojisemesha kwa "mimi", na baadaye hawakujilaumu sana.

Ijumaa nawauliza wamefanya nini wiki hiyo ambacho zamani walikuwa wanakikwepa. Hata kumdai konda chenji inaingia. Naomba hilo usilidharau.

Ila ikiwa hulali, huli, au unaona bora usiwepo, daftari halitoshi. Nenda kwa mnasihi au hospitali yenye huduma ya afya ya akili, Muhimbili wapo. Usione haya kabisa.

Spea Gerezani

Nakuja kwenye suala la kuficha. Nina duka la vipuri Gerezani, na mimi naandika kurasa za nyuma za daftari la madeni. Hakuna ndugu anayefungua daftari la madeni, anaogopa kukuta jina lake. Wewe tumia la kazini, lenye namba za makontena kurasa za mbele.

Swali langu ni moja tu: leo nani kanishusha bei nikakubali kwa woga? Zamani mteja akikunja uso tu, shokomzoba za Noah naziachia karibu na bei niliyonunulia. Baada ya kuandika kwa muda nikagundua ni wale wanaokuja na fundi wao. Fundi akisema "hii mbovu mzee", mimi nalegea. Sasa fundi akianza, namwomba anionyeshe ubovu uko wapi. Wengi wanashika, wanabonyeza, wanakaa kimya, tunalipana.

Binti wa Tabata

Shikamoo mwalimu. Kaka zangu asanteni.

Nimefanya lile la sentensi neno kwa neno, na nimeona kitu. Mbele ya mteja naongea vizuri, hata kwenye simu na watu wa meli. Ninazozimeza zote ni zile ambazo bosi ataniuliza "una uhakika?" Hilo neno ndilo linaloniua. Kwa hiyo nikajiandikia kwa jina langu: akikuuliza una uhakika, utamwonyesha nini? Jibu likaja haraka, nitamwonyesha karatasi. Jumatatu nikaingia na nakala mbili, nimezipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilisema nikiwa nimekaa, sauti ndogo, lakini nilisema mwenyewe. Akauliza kweli, nikamsogezea karatasi, akasoma, akasema sawa, tukaendelea na mengine.

Mwalimu, kurasa nilizomwandika yule kaka wa meza yetu nifanye nini? Ni za hasira sana, na naogopa zikionekana.

Mama Mwalimu Mbagala

Marahaba mwanangu, nimefurahi mno! Za hasira chana uchome, zimeshafanya kazi yake. Za Ijumaa na hiyo ya kalamu nyekundu ziache, uzisome kabla hujaingia kikaoni. Na huyo kaka, siku ukiona kasoro nyingine, mwambie mapema: "Hili nitalisema mwenyewe Jumatatu." Liandike kwanza, ndipo umwambie.